Mashoto si gwiji wala mkaidi: mlazieni daftari sawasawa

Kwa Mhariri,

Kila inapokaribia Agosti 13, siku ambayo dunia huwakumbuka watu wa mkono wa kushoto, maneno ni yaleyale redioni na mitandaoni: mashoto wana akili kuliko wengine. Ushahidi haukosi jina la Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kogelo kule Siaya na ambaye huandika kwa kushoto. Wiki ikiisha, mtoto wa PP2, darasa la pili la chekechea, anapokonywa penseli na kuambiwa aishike kwa "mkono wa adabu". Kauli hizi mbili zinapingana lakini kosa lao ni moja: zote zinadhani mkono unatoa siri ya akili au tabia ya mwenyewe. Sisi tunaoandika barua hii tunashughulika na mwandiko wa watoto wa gredi za chini. Tutaeleza yaliyopimwa kuhusu akili, kisha tuingie kwenye jambo ambalo kwetu ni zito zaidi, yaani namna daftari linavyolazwa juu ya dawati.

Tuanze na idadi. Uchanganuzi uliochapishwa mwaka 2020, uliojumlisha tafiti za watu zaidi ya milioni 2, ulipata kwamba mashoto ni asilimia 10.6. Kipimo cha nani aitwe mashoto kikikazwa idadi hushuka hadi asilimia 9.3, na kikilegezwa hupanda hadi 18. Wanaume wanazidi wanawake kidogo. Kwa hiyo darasa la watoto 50 lina mashoto watano hivi, na uwezekano wa darasa kama hilo kukosa hata mmoja ni chini ya 1 kwa 100. Mwalimu anayesema kwake hakuna, basi wapo ila wamejificha.

Kuhusu akili yenyewe, tafiti zilizokusanya alama za vipimo vya akili kutoka nchi nyingi zimepata tofauti ndogo mno, na pale ilipo inaelekea upande wa watu wa kulia. Katika maneno hakuna tofauti. Katika kuzungusha maumbo kichwani, mashoto huachwa kwa unyuzi tu. Huwezi kutumia unyuzi huo kumkisia mtoto aliye mbele yako. Wale wanaoorodhesha marais wa Marekani, Ford, Bush mkubwa, Clinton na Obama, wanahesabu waliofika Ikulu na kuwasahau mashoto wote waliogombea hata kiti cha wadi wakaanguka.

Huo unyuzi nao una maelezo. Mwaka 1972 mwanasaikolojia Paul Satz alipendekeza kwamba kuna mashoto wa aina mbili: walio wengi, waliozaliwa hivyo bila tatizo lolote, na wachache ambao ubongo uliumia mapema upande wa kushoto, mkono wa kulia ukadhoofika, wakahamia kushoto. Ukiwachanganya hao wote katika hesabu moja, wachache wanavuta wastani chini. Watoto waliozaliwa kabla ya miezi kutimia, kwa mfano, huwa mashoto karibu mara mbili zaidi ya waliotimiza. Hapa kuna jambo la kushika kwa mama mwenye mtoto mchanga. Mtoto wa kawaida hatumii mkono mmoja tu kabla ya kufikisha mwaka. Akiwa na miezi 6 au 8 na tayari anaufanyia kazi zote mkono mmoja huku mwingine ameukunja ngumi, asiitwe mashoto. Apelekwe kliniki akaangaliwe ule mkono ambao hautumii.

Na michezoni? Ni kweli mashoto wamejazana katika michezo ya kukabiliana, hasa ile inayompa mpinzani muda mfupi wa kuamua. Kati ya warushaji bora wa besiboli wanakaribia asilimia 30, lakini katika skwoshi, ambako muda ni mrefu kidogo, wanabaki kama 9 tu. Faida inatokana na uchache wao: mpinzani amezoea mipira inayotoka kulia. Wangekuwa nusu ya watu, faida hiyo ingekwisha.

Tofauti halisi iko kwenye lugha, na hata hiyo si kama inavyosimuliwa. Nusu ya kushoto ya ubongo huendesha mkono wa kulia na ya kulia huendesha wa kushoto. Tangu daktari Mfaransa Paul Broca aeleze wagonjwa wake waliopoteza usemi, katika miaka ya 1860, imejulikana kwamba lugha kwa kawaida hukaa nusu ya kushoto. Watu wakarukia jibu rahisi: mashoto basi lugha yao iko kulia. La. Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani waliwapima watu 326 wenye afya kwa kufuata kasi ya damu kichwani wakati wanatafuta maneno kimyakimya. Lugha ilitawaliwa na nusu ya kulia kwa asilimia 4 ya watu wa kulia kabisa, asilimia 15 ya wanaochanganya mikono, na asilimia 27 ya mashoto kabisa. Kwa lugha nyingine, karibu mashoto watatu kati ya wanne wana lugha palepale ilipo kwa watu wa kulia. Hadithi ya kwamba mashoto "anafikiri kwa ubongo wa kulia, wa usanii" haina mguu wa kusimamia, na hata huo mgawanyo wa nusu ya sanaa na nusu ya hesabu ni chumvi iliyotiwa juu ya kazi nzuri iliyompa mtafiti wa ubongo Roger Sperry Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Bado asilimia 27 si kidogo, hasa hospitalini. Mzee akipata kiharusi akapooza upande wa kushoto na maneno yasitoke, familia imweleze daktari kwamba mzee ni mashoto. Wengi wa umri huo waligeuzwa mikono utotoni na wanaandika kwa kulia, hivyo daktari akitazama kalamu peke yake atakosea. Aambiwe mzee alikuwa akirusha jiwe kwa mkono gani, akishika panga kwa mkono gani. Kabla ya upasuaji wa kichwa, habari hiyo ni lazima iwe kwenye faili.

Kuna tofauti nyingine ndogo inayotufurahisha, pengine kwa sababu Kiswahili chenyewe kimeegemea upande mmoja. Mkono wa kulia ni wa kulia chakula, na watu wa pwani huuita wa kuume, ule mwingine wa kike. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Daniel Casasanto alichapisha jaribio ambalo watu waliambiwa wachore punda milia na panda katika visanduku viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, mmoja wa wanyama hao akitajwa kuwa mzuri na mwingine mbaya. Wengi wa watu wa kulia walimweka mzuri kulia. Wengi wa mashoto walimweka kushoto, ingawa lugha wanayosema inasifu upande wa pili. Baadaye watu wa kulia walivalishwa glavu nene ili mkono wao ushindwe kufanya kazi vizuri, na baada ya dakika chache tu upendeleo ukaanza kuhamia kushoto. Upande mwepesi kwako ndio unaouona mzuri. Mtoto anayelazimishwa kuandika kwa mkono mzito anajifunza pia kwamba kuandika ni kitu kizito.

Wazazi hutuuliza ametoa wapi, maana nyumbani hakuna mashoto. Si lazima awepo. Wazazi wote wawili wakiwa wa kulia, mtoto mmoja kati ya kumi hivi huwa mashoto, na wakiwa mashoto wote wawili ni kama mmoja kati ya wanne. Hata mapacha wa kufanana, karibu jozi moja kati ya tano hutofautiana mikono. Jeni zinachangia, nyingi na kila moja kidogo kidogo. Na jambo hili huanza mapema: picha za mimba zilionyesha watoto wakinyonya kidole gumba tumboni, na walipofuatiliwa hadi utotoni, wote 60 walionyonya cha kulia walikuwa watu wa kulia, huku 10 kati ya 15 walionyonya cha kushoto wakiwa mashoto. Hakuna aliyemfunza mtoto huyo ukaidi.

Kumgeuza mkono, je? Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inakataza mwanafunzi kuadhibiwa kwa ukatili, wa mwili au wa akili, na kufungwa mkono au kupigwa rula kwenye vifundo kunaingia humo bila ubishi. Lakini tuache sheria, tuseme faida. Watafiti wa Ujerumani waliwapiga picha za ubongo watu wazima waliogeuzwa utotoni, wakiwa wanaandika kwa kulia. Ubongo wao haukufanana na wa watu waliozaliwa wa kulia: upande wa kulia nao ulikuwa unafanya kazi. Miaka mingi ya kulazimishwa iliongeza mzigo tu, haikuhamisha mkono. Suala la kigugumizi tulipitie haraka. Nadharia kwamba kugeuza mkono huleta kigugumizi ilivuma Iowa, Marekani, karibu karne moja iliyopita, na utafiti wa baadaye haukuithibitisha. Mzazi asijilaumu kwa hilo.

Hatusemi adabu ivunjwe. Mtoto mashoto anaweza kusalimia kwa kulia, kupokea kwa kulia na kumega ugali kwa kulia bila kudhurika chochote. Hizo ni kazi fupi zisizohitaji vidole kupanga miondoko midogo midogo kwa nusu saa mfululizo. Kuandika ni kazi ya namna nyingine. Bibi akisisitiza mkono wa kulia mezani na mwalimu akaacha wa kushoto darasani, mtoto hachanganyikiwi.

Sasa darasani. Kwanza ujue mkono wake. Orodha inayotumika sana ni ya Oldfield, ya mwaka 1971, yenye kazi kumi: kuandika, kuchora, kurusha, mkasi, mswaki, kisu, kijiko, ufagio, kuwasha kiberiti na kufungua kifuniko. Unatoa idadi ya kushoto kutoka ya kulia, unagawa kwa jumla, unazidisha kwa 100. Mtoto aliyefanya 8 kwa kushoto na 2 kwa kulia anapata kasoro 60. Ila orodha hii ilitungwa Uingereza. Kwenye ufagio inauliza ni mkono gani unaokaa juu ya mpini mrefu, nasi tunafagia tumeinama na ufagio mfupi wa mkono mmoja. Kijiko nacho hakisemi kweli katika nyumba ambazo kushoto kumekatazwa mezani. Viondoe hivyo, na kiberiti usimpe mtoto. Tia badala yake kazi ambazo hakuna mtu aliyezikataza: kuokota mbegu za maharage na kuzitia chupani, kushika kifutio, kurusha mpira wa makaratasi. Kitu kiweke katikati ya kifua chake, usimpe mkononi, maana atakipokea kwa mkono uliokaribia. Rudia mara tatu kwa siku tofauti.

Wengi huwa wametulia kwenye mkono mmoja wakifika miaka mitano au sita. Yule ambaye akiwa na miaka saba au minane bado anahamahama hata katika kazi ileile ndiye wa kuangaliwa kuliko mashoto. Ufuatiliaji wa watoto karibu 8,000 wa kaskazini mwa Finland ulionyesha kwamba wanaochanganya mikono walipata matatizo ya lugha na masomo mara mbili ya wa kulia. Si wote, lakini inatosha kumpima kusoma mapema.

Ukishajua ni mashoto, mkalishe mwisho wa kushoto wa dawati, au waweke mashoto wawili pamoja. Akikaa kulia, kiwiko chake kinagongana na cha jirani anayeandika kwa kulia siku nzima, na wote wawili wanaitwa wachokozi. Mwanga utoke kulia kwake. Kiti kikiinuliwa kidogo, hata kwa ubao mmoja, ataona juu ya mkono wake.

Kisha daftari, na hapa ndipo makosa mengi yanapotokea. Mtu wa kulia hulaza daftari kona ya juu ikiinamia kushoto. Mwalimu hupita akiyanyoosha yote vivyo hivyo, kwa usawa wa macho tu. Kwa mashoto, mlazo huo unaweka mkono wake juu ya maneno aliyokwisha kuandika. Haoni, tena anayapaka kwa kiganja. Anajiokoa kwa kukunja kifundo cha mkono juu ya mstari kama ndoano (tazama picha za Obama akitia sahihi) na kuandika akitokea juu. Ndoano hiyo inachosha vidole, mwandiko unakuwa mzito, na ikishazoeleka ni vigumu kuitoa. Dawa yake ni mlazo. Sogeza daftari kushoto kwa mstari wa kifua. Lizungushe kama mshale wa saa unavyokwenda, nyuzi 30 hadi 45. Utajua umepatia ikiwa kona ya chini ya kulia inaelekea kitovuni na mstari unateremka kutoka kushoto kwenda kulia. Mkono sasa unakaa chini ya mstari, kifundo kimenyooka, ncha ya nyuma ya penseli inaelekea bega la kushoto. Mkono wa kulia ushike karatasi juu ili lisirudi lilikotoka, maana litarudi, hasa mwalimu akigeuka.

Vidole vishike penseli sentimita 3 hadi 4 kutoka nchani, juu kidogo kuliko mtu wa kulia. Mpira mwembamba wa kufungia noti ukizungushwa hapo ni alama tosha. Penseli iwe HB isiyochongwa kali sana: mkono wa kushoto unaisukuma penseli ambapo wa kulia unaivuta, kwa hiyo ncha kali hutoboa karatasi na ile laini hupakaza. Akifikia kalamu, biro ya kawaida ni bora kuliko ya wino majimaji unaochelewa kukauka.

Jambo lisiloonekana kirahisi: tunapoandika mfano wa herufi mwanzoni mwa mstari, upande wa kushoto, mkono wa mashoto unauziba palepale anapoanza kunakili. Anakili kwa kukumbuka, anakosea, tunasema hasikii. Andika mfano tena mwisho wa mstari, upande wa kulia. Kitabu anachonakili nacho kikae kulia kwake. Mistari ya kulala, kama ya t na f, mwache aivute kutoka kulia kwenda kushoto. Lakini duara za a, d na o tungeshauri azianze kinyume cha saa kama wenzake, hata kama mkono wake unapenda kuzunguka upande wa pili, kwa sababu herufi zitakapoanza kuungana, duara iliyozungushwa kwa saa haina pa kutokea. Akigeuza b na d, au akaandika jina lake lote kama kwenye kioo, si ugonjwa kabla ya miaka saba. Mwekee nukta ya kijani kwenye ukingo wa kushoto, pa kuanzia.

Ukimfundisha kufunga kamba za viatu na wewe ni mtu wa kulia, usikae ubavuni mwake. Kaa mkabala naye, akuige kama kioo.

Mwisho mkasi, chombo pekee ambacho hakina ujanja wa kulaza. Mkasi wa kawaida unakata kwa sababu gumba la kulia husukuma nje na vidole huvuta ndani, makali mawili yakabanana. Ukihamia mkono wa kushoto, msukumo uleule unayatenganisha, karatasi inakunjika katikati yake, na ubapa wa juu unaficha mstari. Kuugeuza juu chini hakusaidii, kwani ubapa wa mbele unabaki kulia vyovyote utakavyougeuza. Wauzaji sokoni hutoa mikasi yenye mishikio sawa na kusema ni ya mikono yote. Usitazame mishikio. Uelekeze ncha juu, uufungue, utazame ubapa ulio mbele: ncha yake ikiwa upande wa kushoto, huo ni wa mashoto. Usipoupata, kaza skrubu ya katikati, mfundishe mtoto kuvuta gumba kuelekea kiganjani huku vidole vikisukuma nje, na duara azikate kwa kufuata mshale wa saa. Kwa msichana anayejifunza ushonaji hilo halitoshi, maana mkasi mkubwa wa fundi una mshikio uliochongwa kwa gumba la kulia na utamchubua siku ya kwanza. Bora anunuliwe wake. Na ukipelekwa kwa mnoaji, pale soko la Kibuye mjini Kisumu au popote, aambiwe kabla hajawasha jiwe kwamba ni wa kushoto, afuate mteremko wa makali alioukuta.

Kundi la walimu wa gredi za chini na watibu wa watoto,
Nakuru